Upote au Mti

...tik, imesema tik, hivyo tu, kama mtu kavunja njiti ya kiberiti ndani ya mfuko wa koti, sauti ambayo hata paka asingeigeuzia sikio, na mimi hapa nimeganda kama picha ya kitambulisho, mkono wa kushoto juu umeushika upinde usiyumbe, vidole viwili vya kulia chini vimeikandamiza kamba kwenye jino la saba la ubao wa kupindia, ule ubao wa meno unaozoeza upinde mpya kuvutwa, jino lenyewe limelika, nilisema nitalichonga upya, nilisema tangu mwezi uliopita, mimi husema mengi, sasa sijui kamba imekaa sawasawa au imeshikilia kwa adabu tu, na cherehani ya dada huko ukumbini imenyamaza, hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana cherehani ya dada hainyamazi hata wakiingia wageni, na baba chumbani kwake, nyuma ya pazia, kitandani, anauliza kwa ile sauti yake ya kutafuna maneno polepole, "Ni upote au ni mti?"... upote ndiyo kamba ya upinde, sisi wengine tunasema kamba, yeye anasema upote, maana kamba kwake ni ya kufungia mbuzi... ni upote au ni mti, swali dogo, mtoto wa chekechea angelijibu, na mimi ambaye watu wa kona nzima wananiita Redio, mimi niliyewahi kumzungumzisha fundi wa pikipiki mpaka akasahau kunidai, natazama juu tu, upinde umelala juu ya kichwa cha ubao kama mwezi uliogeuzwa, ncha mbili zimeinama huku na huku, zimeinama vizuri, Mungu wangu, zimeinama vizuri ajabu, kushoto sawa na kulia, fundi gani mwingine hapa mjini angepata mpindo kama huu kwa kukwaruza na kipande cha chupa, siku tisa nakwaruza, unga wa mti umejaa mpaka kwenye nyusi, na ningekuwa na mtu hapa ningemwambia tazama, tazama kazi ya mwanamume, lakini ile tik... labda ni msumari wa ubao, ubao nimeupigilia ukutani kwa misumari mitano, mmoja umepinda, misumari husema, kuta nazo husema jua likipungua, hili jua la saa kumi, ukuta unapoa, unasema tik, kwa nini usiseme, nyumba hii imezeeka ina haki ya kusema... hapana, nisijidanganye, baba hakuuliza msumari au ukuta, baba aliuliza upote au mti, na masikio yale, sasa macho yamekwisha, moja liliondoka zamani, la pili limeingia ukungu, lakini masikio yale yanasikia mchwa akibadili mawazo.

"Redio imekatika mawimbi?" hiyo ni sauti ya dada, anacheka, lakini anacheka kwa nusu mdomo, pini ziko kwenye nusu nyingine, "kaka, baba anakuuliza," na baba anamwambia, "Mwache, anasikiliza," maskini baba, anafikiri nasikiliza, anafikiri nimeweka sikio kwenye mti kama alivyonifundisha, na mimi sihitaji kusikiliza chochote, najua, nilijua kabla haijalia, nilijua tangu Jumapili... niuteremshe, hilo ndilo la kufanya, niutoe taratibu, nirudishe kamba jino la sita, la tano, la nne, mpaka upinde ulale, halafu nivute pumzi, lakini tazama balaa la kifaa hiki, kamba haitoki kwenye jino mpaka kwanza uivute chini kidogo zaidi, upana wa ukucha, ndipo uinasue, na huko kuivuta kidogo zaidi ndiko kuuambia mti haya maliza ulichoanza, na nikiuacha hapa ulipo mti unazoea, mti ukikaa umepinda hukubali, hulegea, unabaki kibao cha kukunia nazi, na nikiachia vidole jino likigoma kamba itaruka na upinde utapasuka vipande saba, sita vitaenda vinakojua na cha saba kitanitafuta mimi, kwa hiyo siwezi kuvuta, siwezi kuacha, siwezi kuachia, siwezi kuita dada aje ashike maana nikimwita nimeshajibu lile swali... nimenasa kama panya aliyeweka mtego mwenyewe, akaupaka na mafuta, akausifia... na mkono umeanza kuchoka, si woga, ni mkono tu, ni umri, nina miaka hamsini na moja, zamani mkono huu ulikuwa unashika ndama kwa pembe, haya, ndama hakuwa na pembe, lakini nilimshika.

Gogo hili ni la mwisho. Aliliangusha baba mwenyewe alipokuwa bado anakwenda kwa miguu yake, akalipasua kwa kabari, akachagua upande ulionyooka, akalipandisha darini juu ya jiko, miaka kumi na moja limekula moshi huko juu, na watu wanapita wanaliona tu kama mti wa kufukuzia kuku, na mwaka huu baada ya miguu kukataa akaniita, akaniambia, "Lishushe, utalichonga wewe, mimi nitasikia," hakusema kingine, hakusema ni la mwisho, hakusema mimi naondoka, baba si mtu wa maneno, maneno yote ya nyumba hii niligawiwa mimi kwa makosa, na kila jioni nilikuwa nampelekea, nauweka mapajani mwake, anaupapasa kwa viganja, anasema hapa punguza, hapa acha, hapa umelala usingizi, na mara ya kwanza kabisa alipoupapasa kidole chake kilifika kwenye kinundu, pale mgongoni, karibu na katikati ya mkono wa kulia wa upinde, palipokuwa na kitawi zamani, akatabasamu, akasema, "Huyu mwachie kilima chake," na mimi nikasema, "Najua, baba," kwa sauti ya mtu anayefundishwa kufunga kamba za viatu, na kweli najua, nani asiyejua, upinde una tumbo na mgongo, tumbo linakutazama wewe mvutaji, hilo kwaruza utakavyo, mgongo unatazama mbele, mgongo hauguswi na chuma, maana miaka ya mti imepita pale safu kwa safu kutoka ncha hadi ncha, na kwenye kinundu safu zinapanda na kushuka kama maji yanavyopita juu ya jiwe, ukilisawazisha jiwe umeyakata maji, upinde wote unashikiliwa na uzi mmoja wa mti na wewe umeukata ili upendeze... najua, nimewaeleza watu wengi sana jambo hili, nimeeleza vizuri hata watu wamenipigia makofi.

Halafu Jumapili nikaupiga picha. Kwa simu. Nikaenda nayo kwa kinyozi, maana kinyozi anasema ninachonga maneno tu, nikamwonyesha, tazama, mpumbavu wewe, tazama mkono wa fundi, akaisogeza picha kwa vidole ikawa kubwa, akavuta midomo, akasema, "Redio, upinde wako una jipu," na waliokuwa wanangoja kunyolewa wakacheka wote, mmoja povu la sabuni likamwingia mdomoni kwa kucheka, jipu, litumbue, litumbue, na mimi nikacheka nao, nikarudi nyumbani nacheka, nikachukua kisu, nikasema kidogo tu, kwa ajili ya picha, nitakipunguza kiburi tu... kikaondoka kama siagi, laini, ulikuwa mgongo mzuri kuliko wa farasi, nikapiga picha ya pili, nikaituma, ndipo nikainamia kutazama, nikaona zile safu zimekatwa, zimebaki duara moja ndani ya jingine kama jicho, jicho zima linanitazama kutoka mgongoni mwa upinde, nikachukua nta, nikachanganya na masizi ya sufuria, nikapaka, nikasugua kwa kisigino cha mkono mpaka jicho likafumba, na tangu Jumapili sijampelekea baba upinde mapajani, Jumatatu nikasema nta haijakauka, Jumanne nikasema nina kikohozi nisije nikamwambukiza, jana akaniambia, "Upinde haujaja kunisalimia," hivyo tu, na mimi nikaanza kumsimulia habari ya mkate uliopanda bei, nusu saa nzima, akasinzia.

"Ni upote," anasema baba, anakata neno hapo, anakohoa, dada anampa maji, nasikia kikombe kikigonga meza, anaanza tena, "ni upote au ni mti?"... mara ya pili, basi nijibu, nimjibu upote, nani atajua, jibu liko hapa mdomoni limeshachemka, upote, baba, uzi mmoja umekatika katika ule msokoto, nitausokota upya, kisha usiku... hapana si usiku, kesho, kesho akilala mchana nitauteremsha, ukivunjika nitasema dada alifunga mlango kwa nguvu, dada atanichukia wiki moja, dada huzoea, upote, neno dogo, na nimeshawahi kulisema, ndiyo, nimeshalisema neno hilihili kwa mtu huyuhuyu, na sitaki kukumbuka hilo sasa, nitafakari kitu kingine, nitafakari chui... ehee, chui, ile hadithi yangu ya chui, jinsi baba alivyotolewa jicho na chui nami nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, nikamrukia yule mnyama kwa mikono mitupu, nimeisimulia kwa kinyozi, nimeisimulia kwenye karakana ninakotengeneza milango na fremu, wateja wameacha kulalamika kuhusu milango, mwanzoni alikuwa chui mdogo, kama paka mwenye hasira, kila mwaka nilimwongezea kilo mbili, leo hii yule chui ana uzito wa ng'ombe na aliwahi kunitazama machoni akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi mwenyewe naiamini, naapa, nikifumba macho namwona, madoa yake nayajua moja moja... lakini sasa siwezi kufumba macho, nikifumba upinde utaruka, na macho yakiwa wazi chui haji, anakuja yule binti, yule aliyekuja kuolewa na mwenye duka la baiskeli, amesimama uani kwetu ameushika upinde wangu wa kwanza, wa kwanza kabisa kuchonga mwenyewe, anaupitisha kidole mgongoni, anasema, "Mzuri, lakini una chunusi."

Una chunusi. Na mimi mwenye masharubu mapya, nikachukua kisu.

Hapakuwa na chui. Tulikuwa baba na mimi tu, tumekwenda kuwinda, asubuhi, majani mabichi yameloa mpaka magotini, hata mnyama mwenyewe hatujamwona, baba akasema lete nikujaribie, si kwa shaka, kwa fahari, alitaka kuuvuta yeye kwanza upinde wa mwanawe, akauvuta mpaka shavuni, uso mbele, akitabasamu, na ukasema tik, tik hii hii, halafu mlio kama kofi, na baba amekaa chini, kiganja kwenye jicho, damu inapita katikati ya vidole, hakupiga kelele, aliuliza, "Ni upote au ni mti?"... fundi hata jicho linamtoka anataka kujua kosa liko wapi, na mimi nikasema, "Upote, baba, upote umekatika," na kamba ilikuwa nzima, ilikuwa inaning'inia nzima kabisa kwenye vipande viwili, nikatoa kisu, baba ameinama, nikaikata, chap, ili uongo wangu uwe na shahidi, nikamwekea mkononi, huu hapa, tazama, umekatika, na njia nzima mpaka zahanati nimempakia kwenye baiskeli, mimi naendesha, yeye nyuma, mkono mmoja umeziba jicho, mwingine umeusokota ule upote kwenye kidole, na muuguzi akauliza imekuwaje, kabla baba hajafungua mdomo nikasema chui, neno lilitoka lenyewe, chui, na baba akanigeuzia lile jicho lililobaki, akanitazama, akanitazama muda mrefu, kisha akamwambia muuguzi, "Chui," na mimi nikadhani ameipenda, miaka thelathini na miwili nimedhani baba aliipenda hadithi yangu... ndiyo maana sikujifunza, sasa naona, mtu aliyeangushwa na kisu chake angekiogopa kisu maisha yake yote, mimi niliangushwa na chui, nilijifunza kuogopa chui, kinundu sikukiogopa, kinundu kilikuwa hakina kosa lolote katika hadithi yangu, hakikuwemo hata kwa jina, na tangu siku ile kila upinde mpya baba alipouvuta mara ya kwanza aligeuza uso ukutani, kila upinde, hata wa wateja, anauvuta anatazama pembeni kama mtu anayevua nguo mbele ya wageni, na mimi nawaambia watu mwoneni, anauonea haya upinde kama bwana harusi mbele ya mama mkwe, na watu wanacheka, na baba naye anacheka, na siku hizi tisa mimi nimesimama chini ya ubao huu uso juu, pua juu, macho mawili mazima juu, maana mimi mwanamume nautazama mti usoni.

Jasho limeingia jichoni, linachoma, siwezi kufuta... kitu kinapepea mbele ya pua yangu, ni kile kimkia cha kamba kilichobaki baada ya kufunga fundo, nilikikata Jumapili kwa kisu kilekile, kimkia kifupi, ncha yake imenyooka, safi, kama nywele iliyokatwa na kinyozi, na nakitazama kwa kuwa hakuna kingine cha kutazama ila kile nisichotaka kutazama, nakitazama, ncha safi... ncha safi. Kamba iliyokatika yenyewe haina ncha safi. Kamba iliyokatika yenyewe ina ndevu, imeachana uzi kwa uzi, mmoja mrefu mmoja mfupi, kama mfagio uliozeeka, kila mtu anajua, dada anajua, na baba amesokota upote tangu kabla sijazaliwa, na njia nzima ile, kilomita saba, nyuma yangu juu ya baiskeli, upote kidoleni, kidole gumba chake kilikuwa wapi, nilikiona, nilipogeuka kumwuliza baba unaumia sana nilikiona, kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye ncha ya upote, kinapita, kinarudi, kinapita... alijua. Hata zahanati hatujafika alijua. Alijua ni mti, alijua ni kisu, akaketi nyuma yangu na jicho moja akaniacha niendeshe, akasema chui, akaishi na chui nyumba moja miaka thelathini na miwili, akasikiliza chui wangu akinenepa, na hakuniuliza tena, hakuniuliza hata siku moja, mpaka leo.

"Kaka," anasema dada, sasa hacheki, kiti kinakwaruza sakafu, anataka kuja, na baba anasema, "Kaa. Nimemwuliza yeye," halafu nasikia anavuta pumzi, anajiandaa kusema mara ya tatu, pumzi zake siku hizi anazihesabu, na mimi sitaki azitumie kwa hili, upinde juu yangu unanung'unika, ile nta imeanza kupasuka, naona mstari mwembamba, mwembamba kama unywele, na ndani yake jicho linafumbuka taratibu, na sina ninaloweza kufanya, hakuna, hakuna jino la kurudi, hakuna gogo jingine darini, hakuna chui, nimewatafuta chui wote ninaowajua hakuna hata mmoja aliyekuja, kuna neno moja tu limebaki na ni fupi kiasi cha kunitia aibu, mimi sijawahi kusema sentensi fupi hivyo, nasema, "Mti, baba," na sauti inatoka nyembamba, si sauti ya Redio, sijui ni ya nani, "mti."

"Mgongoni?" anauliza baba. Nasema mgongoni. "Kwenye kinundu," anasema, na haulizi. Nasema ndiyo, baba, kwenye kinundu, na nangoja, sasa anitukane, namwomba anitukane, anitukane kwa yote mawili, la leo na lile la zamani, nimeacha nafasi, na badala yake nasikia kitanda kikilia, anajaribu kujiinua kwa kiwiko, miguu imekataa, kiwiko nacho kinakataa, dada anasema baba lala, baba utaanguka, na yeye anaongea juu ya sauti yake, kwa haraka, baba yangu ambaye hajawahi kuwa na haraka, "Mkono uache palepale. Usiuvute. Usiutazame. Geuza uso," anasema, "geuza uso ukutani, mwanangu, unanisikia, geuza," na mimi nageuza, shavu nimelibandika kwenye chokaa, chokaa ni ya baridi, ina harufu ya vumbi, naona msumari mmoja uliopinda na juu yangu sioni kitu, vidole viwili bado viko kwenye jino la saba, vimekufa ganzi, upinde bado uko juu, haujavunjika, haujapona, na baba anauliza, "Umegeuza?" na nasema nimegeuza, na anauliza tena, "Kweli umegeuza?" maana ananijua, na nasema kweli, baba, nimegeuza, na ni kweli, nimegeuza...